Fedha ya Dagaa

Asubuhi pale Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, dagaa wakishashushwa kutoka mitumbwini, mnunuzi mzoefu haanzi na bei. Huchota konzi moja, akaigeuzageuza juani, akanyamaza. Dagaa wa usiku huohuo anawaka. Aliyelala au kuchubuka amefifia. Mama mmoja mwanikaji, aliponiona nimesimama mno mbele ya kichanja chake, alinikanya nisiwashikeshike dagaa wake, fedha yao itabaki kwangu. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vinametameta.

Fedha hiyo haina hata chembe ya fedha. Wala si rangi. Ukiichambua hadi mwisho unabaki na vitu viwili, na vyote viwili vinapenyeka kwa macho kama maji ya ziwa: vibamba vya fuwele za guanini, na ute wa seli katikati yake. Guanini ni ileile inayohesabiwa miongoni mwa herufi nne za DNA, hivyo kila kiumbe anayo. Dagaa, kama walivyo ndugu zake sadini na heringi wa baharini, ameifanyia useremala.

Useremala wenyewe ni wa vipimo. Kibamba, ute, kibamba, ute. Mwanga ukivuka kutoka kwenye ute kuingia kwenye guanini hupunguza mwendo, na sehemu yake hurudi ulikotoka. Ni sehemu ndogo, kama asilimia 2.5 kwa kila mpaka. Kioo cha dirisha kinarudisha zaidi. Lakini kila tabaka likiwa na unene wa robo ya wimbi la mwanga ndani yake, mambo hubadilika. Kwa mwanga wa kijani wenye wimbi la nanomita 550, kibamba kinatakiwa kiwe na nanomita kama 75 na ute kama 103. Hapo mawimbi yanayorudi kutoka kila mpaka hukutana yakienda hatua moja. Aliyewahi kuona wavuvi wakiinua wavu kutoka kwenye mitumbwi iliyounganishwa kwa miti anajua jambo hili: misuli ya mmoja mmoja si kitu mpaka wote wavute kwa mkupuo. Kihesabu, kibamba kimoja hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga ule. Vitano hurudisha karibu asilimia 85. Kumi, asilimia 99, na rundo zima la kumi halifiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele.

Watu husifu fuwele. Mimi nausifu ute. Nusu ya kazi inafanywa na hiyo nafasi ya majimaji, ambayo fundi asiye makini angeiona ni pengo tu. Ikikaukia kichanjani, umbali unavurugika, na ndiyo maana dagaa mkavu hung'aa kibati, si kikioo.

Mwanga usiorudi unapita. Rundo linalorudisha kijani, ukilitazama kwa upande wa pili dhidi ya jua, hupitisha kilichobaki, chenye wekundu wa zambarau. Ni mlango wenye bawabu. Mwanafizikia Lord Rayleigh aliandika habari za matabaka ya namna hii mwaka 1887. Miaka mia moja baadaye, 1987, wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mpangilio kama huo, ukirudiwa pande zote tatu badala ya upande mmoja, unaweza kuuzuia mwanga kutoka kila upande, na jina la fuwele za fotoni likaenea kuanzia hapo.

Ila rundo moja hurudisha rangi moja, na fedha inataka rangi zote. Eric Denton, mwanabiolojia aliyefanya kazi Plymouth huko Uingereza, alieleza jinsi heringi anavyolitatua hilo: sehemu mbalimbali za gamba hurudisha rangi mbalimbali, na magamba yakipandana kama vigae rangi zinakamilishana kuwa nyeupe. Tena, mwili wa samaki ni wa mviringo lakini vibamba vimesimama wima ubavuni, kana kwamba fundi alishika timazi. Majini mwanga hushuka kutoka juu na kufifia sawasawa pande zote, hivyo kioo kilichosimama wima humwonyesha mtazamaji kile ambacho angekiona kama pasingekuwa na samaki. Mgebuka mwenye njaa anatazama ubavu wa dagaa na kuona ziwa.

Kumbe fedha yote hii ni ya kujifichia! Sisi tunaiita mng'ao kwa sababu tunamkuta dagaa mahali ambapo hesabu yake haifanyi kazi: juu ya kichanja, au usiku wa giza chini ya karabai, na siku hizi chini ya taa za LED, mwanga unapotoka sehemu moja badala ya kushuka kutoka mbinguni. Na baadhi ya hizo LED zimetandikwa chini ya chipu matabaka membamba ya vitu viwili vinavyopitisha mwanga, yaliyopimwa kwa robo ileile, ili mwanga usipotelee nyuma.

Mama yule alimaliza kugeuza dagaa, akateremka ziwani kunawa. Magamba yakabanduka mikononi mwake yakaelea. Nikafuata moja kwa macho: likawa kijani, likainama likawa samawati, likasimama wima kwenye maji, nikalipoteza.