"Tafadhali Sasisha Kivinjari Chako": Uhakiki wa Sentensi Moja

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika insha hii ninahakiki sentensi moja tu: "Tafadhali sasisha kivinjari chako." Wasanifu wa tovuti huiweka mbele ya msomaji anayefika na kivinjari kilichopitwa na wakati, badala ya ukurasa alioutafuta.

Tuanze na sarufi yake. Kitenzi kiko katika hali ya kuamuru, ingawa kimetanguliwa na neno la adabu. Mtendaji ni msomaji. Kimilikishi "chako" kinamtwika mzigo: kivinjari ni chako, basi kosa ni lako. Aliyejenga ukurasa usiofunguka hatajwi popote. Zaidi ya hayo, sentensi inachukulia kwamba anayeamriwa ana uwezo wa kutii.

Hapa Magarama, mtaa wa mji wa Gitega ninakoishi, dhana hiyo haisimami. Wenzangu wengi husomea kwenye simu za Android walizozinunua zikiwa zimeshatumika, na megabaiti hununua kidogo kidogo. Android 6 ilitoka mwaka 2015. Kufikia mwisho wa 2022 Chrome ilikuwa imeacha kuitolea matoleo mapya. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Android 7. Mwenye simu kama hiyo akitaka kusasisha Chrome, hakuna toleo jipya la kupakua. Kwake yeye, maana halisi ya sentensi ni "nenda kanunue simu nyingine." Akiwa anatafuta fomu ya kuomba nafasi ya masomo, na mwisho wa kupokea maombi ni kesho, atakosa nafasi kwa sababu ya umri wa simu yake, wala si kwa sababu ya alama zake.

Wasanifu wana hoja zao, na si hoja dhaifu. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, na kwa miaka mingi iliwalazimisha kuandika marekebisho ya pekee kwa ajili yake. Mwaka 2011 Microsoft yenyewe ilianzisha kampeni ya kuwahimiza watu waiache. Kivinjari kisichosasishwa pia hubaki na mianya ya usalama. Lakini mfano huo haulingani na hali yetu. Mara nyingi kompyuta yenye Internet Explorer 6 iliweza kuwekewa kivinjari kingine bila malipo. Simu iliyoachwa na aliyeiunda haina njia rahisi kama hiyo.

Mfano unaofaa zaidi ni wa Let's Encrypt, taasisi inayotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 zingeshindwa kufungua tovuti zenye vyeti vyake. Kwa makadirio iliyoyatumia, hizo zilikuwa takriban theluthi moja ya simu zote za Android. Mwanzoni iliwashauri wenye simu hizo watumie Firefox, ambayo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti vinavyoaminika. Baadaye ikatafuta njia ya kuhakikisha simu hizo zinaendelea kufungua tovuti hadi mwaka 2024. Naona funzo hapa: mwenye uwezo wa kutatua tatizo ndiye aliyeubeba mzigo, na akaweka muda wenye mwisho.

Mjadala huu hukwama kwa sababu neno "kukubali" vivinjari vya zamani lina maana mbili. Ya kwanza ni kufanya ukurasa ufanane kila mahali. Hiyo ni kazi bure, nami siidai. Ya pili ni kuhakikisha maandishi yanasomeka na fomu inatumwa. Mwaka 2003 Steve Champeon na Nick Finck waliueleza mtindo wa kujenga hatua kwa hatua: kwanza maandishi, kisha mapambo, mwisho vitendo vya JavaScript. Mtindo huo unafaa kwa sababu kivinjari kisichoelewa pambo jipya hulirukia tu na kuendelea. Kikikutana na sarufi ya JavaScript kisiyoijua, programu yote ya faili hiyo hukataa kufanya kazi. Ikiwa maandishi yenyewe yanaletwa na programu hiyo, msomaji hubaki na ukurasa mweupe.

Ninakubali mpaka mmoja. Pale panapohusu fedha au siri za mtu, kivinjari chenye mianya kikataliwe, na sababu itajwe. Lakini ratiba ya mitihani, tangazo la hospitali na fomu ya chuo havihitaji mapambo ili visomeke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: msanifu anayejaribu kazi yake kwenye simu mpya pekee hawezi kujua nani amefungiwa nje.

Kwa hiyo napendekeza sentensi nyingine: "Baadhi ya mapambo ya ukurasa huu hayataonekana kwenye simu yako, lakini maandishi na fomu viko hapa chini." Hapo mwandishi anataja upungufu wa kazi yake, na msomaji anapata alichokifuata.