Walinzi wa Simba wa Amboseli

Wastahiki pongezi za dhati vijana wa Kimaasai wa Lion Guardians, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 2007 katika nyika za Amboseli, kusini mwa Kenya, ambao baadhi yao waliwahi kumwua simba kwa mkuki na kupata kwa hilo heshima, na leo heshima hiyo waitafuta katika kumhifadhi. Hawamhadai mtu kwamba simba hana madhara, maana aliyeraruliwa ng'ombe wake ana haki ya kuogopa; bali alfajiri mlinzi hufuata nyayo mchangani, huinua antena yake kusikiliza mlio wa redio iliyofungwa shingoni mwa mnyama, kisha huwaarifu wachungaji wasipeleke mifugo upande ule. Boma la miiba likilegea, hushirikiana na wenyewe kulikaza. Ndama akipotea, humtafuta. Simba nao hupewa majina ya Kimaasai, hata wazee wakawajua kwa tabia zao. Na ghadhabu ikipanda, morani wakashika mikuki, mlinzi huwaendea kuwasihi, nao humsikiliza kwa kuwa ni mwenzao.