Mikono ya Kijumwa

Kila timu ya mpira ina kiraka wake. Beki akiumia, kiraka anarudi nyuma. Winga akichoka, kiraka huyo anahamia pembeni. Kocha humpenda kwa kuziba mapengo, ingawa hakuna ajuaye hasa namba yake. Yuko pia mpenda mengi: leo ana gitaa, kesho kamera, na raha yake ni kuonja. Wote wawili ni watu wema, na tunawahitaji. Lakini wasichanganywe na mtu wa tatu, ambaye jina moja halimtoshi.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtu huyo. Watunzi humdai kuwa malenga wao: Utendi wa Liongo alioutunga mwaka 1913 ungali unasomwa. Wanakili miswada humdai kwa mwandiko wake, ambao wataalamu wa Ulaya, akiwemo Mjerumani Ernst Dammann aliyefika Lamu katika miaka ya 1930, waliuthamini na kuuhifadhi. Wachonga nakshi nao humwita mwenzao, na wapigaji wa ala ya kibangala vivyo hivyo.

Ninachokisifu si wingi wa kazi hizo. Ni kwamba kila moja aliiingia kwa mlango wake, akatii sheria zake. Utendi unadai mizani nane katika kila kipande, vipande vinne katika kila ubeti, na kina cha mwisho kisichobadilika tangu mwanzo hadi tamati. Silabi ikizidi, sikio la msikilizaji hukwaruzika. Ubao ni mkali zaidi: patasi ikiteleza, hakuna kufuta. Naye mwandishi wa hati za Kiarabu sharti akadirie mstari kabla ya kuchovya kalamu, maana mara nyingi ubeti mzima hutandazwa katika mstari mmoja. Zote ni kazi za kugawa nafasi yenye mpaka, iwe ya mti, ya karatasi au ya pumzi. Ndiyo maana mkono uliozoea moja haukuwa mgeni katika nyingine.

Basi tukitaka kumtambua stadi wa fani nyingi, tusihesabu anafanya mangapi. Tuwaulize wenye fani: mngempa mwanagenzi wenu amfundishe? Wakijibu ndiyo wa fani moja, huyo ni fundi wao. Wakijibu ndiyo wa fani nne, hapo anastahili kuitwa fundi bila kuulizwa ni fundi wa nini.