Dirisha Moja na Kipande cha Boksi

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha ghorofani Mji Mkongwe, Unguja, mpiga picha anamwamkia bibi aliyekuja kupigwa picha, kisha anazima taa. Bibi anashangaa: picha gizani? "Subiri kidogo, bibi yangu," anamjibu. Mwanga wa balbu ile ni wa manjano, wa dirishani una ubuluu. Ikikutana usoni, kila shavu litatoka na rangi yake.

Anakwenda dirishani kutazama nje. Kichochoro ni chembamba, na jua haliingii ndani. Linapiga ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, nao unarudisha mwanga chumbani ukiwa umelainika. Ukuta ule ungekuwa wa kijani, angehamia chumba kingine. Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua la mchana hupita kusini. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta: Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini, Desemba huwa kusini. Hapa fundi hufuata saa na msimu.

Anaweka kigoda hatua mbili kutoka dirishani. Bibi anaketi. Anamwomba ageuze mabega, kisha kidevu tu, taratibu. Kamera bado iko mezani. Macho ya fundi yako kwenye kivuli cha pua. Kinasogea juu ya shavu la mbali hadi kinagusana na kivuli cha shavu lenyewe, na chini ya jicho inabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Wapiga picha wameipa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17.

Sasa anafunga mabawa ya chini ya dirisha. Mwanga unabaki wa juu tu, na ile nukta nyeupe iliyokuwa katikati ya mboni inapanda juu kidogo. Jicho lililoonekana kama limechoka linaamka.

Upande wa pili wa uso ungali na giza. Anachukua rifleta yake: kipande cha boksi, upande mmoja kimebandikwa karatasi nyeupe, upande wa pili foili ya jikoni. Anaanza na foili. Makunyanzi ya bibi yanakuwa makali kama yamechongwa, na mtandio unameremeta kupita kiasi. Anageuza upande mweupe, anamkabidhi mjukuu wa bibi aushike usawa wa kifua. Ukishuka zaidi, bibi atafanana na mtu aliyejimulika kurunzi kidevuni. "Rudi nyuma. Tena kidogo. Hapo hapo." Hatua tatu ndogo, na mistari ya pembeni mwa jicho inaonekana. Kivuli kilichobaki amekiacha makusudi. Bila hicho uso ungekuwa bapa kama sahani.

Inabaki kupima. Kamera ikiachiwa yenyewe hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, hivyo ngozi nyeusi mbele ya ukuta wa giza ingetoka imepauka. Anapima mwanga shavuni, anapunguza kidogo, anatazama, anapunguza tena, mpaka weusi wa ngozi unarudi na mng'ao wake.

Kisha anangoja. Bibi amekaza uso kama wa picha ya pasipoti. Fundi anamuuliza nani alimfundisha kusuka ukili. Bibi anashusha pumzi, mabega yanalegea, vidole vinaanza kuonyesha. Kamera inalia mara mbili.

Matayarisho yamechukua karibu nusu saa. Shata imefunguka mara mbili, kila mara kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Msomaji, dirisha unalo, na boksi halikosekani nyumbani. Kabla hujanunua taa, mketishe mama yako hapo, ukitazame kivuli cha pua yake kinakoelekea.