Kiini na Mipaka ya Hukumu

Miongoni mwa kazi za wanasheria zisizopigiwa makofi ipo moja inayostahili sifa kubwa, nayo ni ile ya kupima uzito wa hukumu: kuisoma yote kwa subira, kisha kutenga kiini cha uamuzi, yaani hoja ya kisheria ambayo bila hiyo shauri lisingeamuliwa kama lilivyoamuliwa, na kauli za pembeni, ambazo jaji huzitamka akipita na ambazo, zikiwa na busara kiasi gani, hazizifungi mahakama za chini.

Asiyeijua kazi hiyo huutafuta uzito katika thamani ya mali inayogombewa. Shauri la Ephrahim na Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Mwanza mwaka 1990, kwa nje lilikuwa ugomvi wa ndugu juu ya ardhi ya ukoo ambayo mwanamke wa Kihaya aliirithi kwa babaye akaiuza. Lakini Jaji Mwalusanya alipotamka kwamba mila iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza inapingana na Katiba, ugomvi huo mdogo uligusa wanawake wengi ambao hawakuwahi kufika Mwanza.

Kugumu zaidi ni kujua hukumu inaishia wapi. Tarehe 14 Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ulazima wa adhabu ya kifo katika kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kwa kuwa ulimzuia jaji kuzingatia sababu za kumpunguzia mkosaji adhabu. Adhabu yenyewe haikufutwa, na kosa lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa mauaji ya kukusudia peke yake. Hata hivyo, mahakama za chini ziliitanua hukumu hiyo hadi kwenye wizi wa mabavu na makosa ya ngono. Huruma iliyozisukuma haistahili kubezwa, ila mfungwa anayepewa tumaini kwa hukumu isiyomhusu hatendewi wema, na msomaji makini angeuliza mapema ni kifungu kipi hasa kilichobishaniwa. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyohiyo ililazimika kueleza kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu, na kwamba anayepinga adhabu ya kosa jingine afungue shauri lake kuanzia Mahakama Kuu.