"Akili Timamu": Istilahi Moja, Maswali Mawili

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, rasimu nyingi hutufikia mezani. Moja ni ya fomu ya kompyuta ya kuandikia taarifa za uchunguzi wa akili kwa ajili ya mahakama. Ofisi iliyoiandaa hatutaitaja. Tuliisoma tukiikumbuka Dodoma, ambako Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, na Taasisi ya Isanga hupokea washtakiwa waliopelekwa kwa amri ya mahakama.

Ubishi wa "kompyuta" na "tarakilishi" usitupotezee wakati. "Kompyuta" limekwisha kuenea. Kasoro kubwa imo katika nafasi moja ya kujaza: "Akili timamu: ndiyo/hapana".

Sheria yetu huuliza maswali mawili. Je, wakati wa kutenda, mshtakiwa alikuwa na maradhi yaliyomfanya asielewe alitendalo, au asitambue kwamba hapaswi kulitenda? Na je, leo anaweza kufuata mwenendo wa kesi na kujitetea? Mtu huweza kutenda akiwa mgonjwa, akatibiwa, akasimama kizimbani akiwa mzima. Na kinyume chake hutokea. Jibu la swali la kwanza huweza kumwondolea hatia, ingawa bado atawekwa kizuizini. Jibu la pili huahirisha kesi tu.

Daktari aliyeandika kwa kalamu aliokolewa na njeo ya kitenzi: "hakuwa na akili timamu" si "hana akili timamu". Fomu hii imekifuta kitenzi, ikabakiza "hapana". Hakimu atajuaje kuwa hapana hiyo ni ya siku gani?

Tena rasimu inachanganya "kichaa", "wazimu" na "ugonjwa wa akili" kana kwamba ni visawe. Binadamu atavumilia, kompyuta iliyoagizwa kutafuta "wazimu" haitaleta jalada lililoandikwa "kichaa". Na "kichaa" tungelikataa hata pasipo kompyuta, kwani ni tusi la mitaani, kama jina la Mirembe lenyewe linavyofanyiwa mzaha nchini kote. "Wendawazimu" libaki kwa wanasheria. Daktari ataje ugonjwa.

Tunapendekeza nafasi mbili: "hali ya akili wakati wa tendo" na "uwezo wa kujitetea". Ni ndefu, twakiri, na mtengenezaji wa programu amekwisha kulalamika kwamba hazienei kwenye kioo. Basi na apunguze ukubwa wa nembo ya ofisi.