Pini Tano Kuingia Tundu Moja

Mwenye Honda Gold Wing ya zamani anaijua plagi hii hata kwa kuipapasa gizani: duara la chuma lenye upana wa milimita 13 hivi, ndani yake pini tano zimejipanga kama mwezi mchanga. Inaning'inia chini ya helmeti kwa waya mfupi. Ikichomekwa kwenye waya wa msokoto unaotoka kwenye pikipiki, redio inaimba na abiria wa nyuma anasikika. Ikichomolewa, hedseti nzima, spika zake mbili na maiki yake, inakuwa pambo.

Sasa redio ya pikipiki imekufa. Au pikipiki ni ya kukodi na haina redio, ila helmeti ni ileile. Au abiria amechoshwa na nyimbo za dereva. Mfukoni mwa koti kipo kicheza muziki, au simu, chenye tundu la milimita 3.5. Wengi wanaoanza kazi ya kuunganisha viwili hivi hudhani tatizo ni umbo la plagi. Umbo ndilo jepesi kuliko yote.

Gold Wing ya kwanza, GL1000, iliingia sokoni 1975 ikiwa tupu: injini kubwa, kiti, basi. Mwaka 1980 ikaja GL1100 Interstate, ambayo kiwanda chenyewe kiliivika kikinga upepo na masanduku ya safari, na mnunuzi aliyetaka aliongezewa redio ya Clarion. Lakini redio ya kwenye dashibodi husikika vizuri kwenye taa nyekundu tu. Pikipiki ikishika kasi ya barabara kuu, upepo unaimeza. Spika zikahamia ndani ya helmeti, na plagi iliyozifikisha huko ilikuwa ya DIN, jina la shirika la viwango la Ujerumani, plagi iliyokuwa imezagaa kwenye redio na rekoda za Ulaya. Harley-Davidson za safari ndefu zilizotoka 1998 na kuendelea zikatumia pini saba, kwa hiyo asifikiri mtu kwamba waya wa jirani utamfaa.

Upande wa mfukoni mambo yalikwenda njia yake. Tarehe 1 Julai 1979 Sony iliiuza kwa mara ya kwanza, huko Japani, Walkman TPS-L2. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya machungwa kilichopunguza muziki na kufungua maiki ndogo ili wasikilizaji wawili waweze kusemezana. Yaani kile ambacho dereva na abiria wa Gold Wing walikitaka, muziki na maongezi kwa pamoja, kilikuwa tayari kimeingia kwenye boksi la ukubwa wa kaseti. Ila kilitumia plagi nyingine kabisa.

Mtego wa kwanza upo dukani. Plagi ya DIN ya pini tano ndiyo hiyohiyo iliyo nyuma ya kinanda cha kwaya, kwenye matundu ya MIDI, mfumo uliotoka 1983. Anayetafuta waya wa kukata kwa bei nafuu hukimbilia waya wa MIDI, kisha anashangaa spika moja iko kimya. MIDI inahitaji pini tatu tu, ya 2, ya 4 na ya 5, na waya nyingi za aina hiyo haziungi kitu kwenye pini ya 1 wala ya 3. Kwa nje ni plagi timamu, kwa ndani pini mbili zimekufa tangu kiwandani. Bora kununua plagi tupu na kuichomelea mwenyewe, au kutoa sadaka waya mkuukuu wa msokoto. Waya wa helmeti yenyewe haukatwi. Anayeukata leo ataujutia siku redio ya pikipiki itakapofufuka.

Baada ya hapo ni kuzitambua pini, na hapa ndipo fundi mwenye haraka huumbuka. Michoro ya waya hupatikana, lakini baadhi huonyesha plagi kutoka mbele, mingine kutoka nyuma kwenye risasi, na ukiigeuza kushoto inakuwa kulia. Isitoshe, namba za pini hazifuatani: ukizisoma kwa mzunguko zinakwenda 1, 4, 2, 5, 3. Multimita haina ubishi wa namna hiyo.

Pini tano hutoa jozi kumi za kupima, kazi ya robo saa na kipande cha karatasi. Multimita ikiwekwa kwenye kipimo cha omu 200, spika iliyoandikwa omu 8 haitasoma 8. Itasoma 6 au 7, kwa sababu mita inaona ukinzani wa waya wa koili tu, wakati omu 8 ni ukinzani wa koili ikiwa inapitisha sauti. Tuseme jozi moja imesoma 7, nyingine 7, na ya tatu 14. Hesabu imekwisha. Pini inayoonekana katika jozi zote mbili za 7 ni ya pamoja, ndiko spika zote zinakorudishia umeme. Pini mbili zinazosoma 14 kati yao ni kushoto na kulia, kwa kuwa mita imepita kwenye koili mbili mfululizo. Zinabaki pini mbili ambazo kwenye kipimo hicho hazisomi kitu. Kipimo kikipandishwa, zikasoma mamia ya omu, hiyo ni maiki ya koili. Zikisoma maelfu, na namba ikabadilika nyaya za mita zikipishanishwa, ni maiki ya elektreti, inayohitaji kulishwa umeme mdogo ili ifanye kazi.

Kujua ipi kushoto na ipi kulia, helmeti huvaliwa, kisha betri moja ya volti 1.5 inaguswa kidogo tu kati ya pini ya pamoja na mojawapo ya zile mbili. "Tak" moja inasikika sikio moja. Hakuna mchoro unaoweza kubishana na sikio.

Kwenye plagi ya milimita 3.5 ya muziki mtupu mpangilio ni mmoja: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni la pamoja. Nyaya tatu, madoa matatu ya risasi, na muziki unatoka. Kwa kicheza muziki kazi ingeishia hapa, na kwa maoni ya safu hii, kwa simu pia ingefaa iishie hapa.

Tamaa ya kuongeza maiki ndiyo huharibu. Simu zenye plagi ya sehemu nne zina mipangilio miwili inayopingana: mmoja, ambao iPhone iliufuata tangu 2007, unaweka athi kwenye pete ya pili na maiki kwenye shina, mwingine, wa baadhi ya simu za Nokia za zamani, umegeuza. Ukikosea, muziki unasikika kama umetoka chini ya maji. Hata ukipatia, kuna kichekesho kingine. Simu hutambua vitufe vya hedseti kwa kupima ukinzani kwenye waya wa maiki. Kwa mujibu wa vipimo vya Android, omu 0 hadi 70 ni kitufe cha kucheza na kusimamisha, na omu 360 hadi 680 ni kitufe cha kupunguza sauti. Maiki ya koili yenye omu 500 inaangukia katikati ya masafa hayo ya pili. Simu inaweza kuamini kwamba kuna kidole kimekandamiza kitufe na hakitaki kuondoka, na muziki ukafifia wenyewe hadi kimya, huku mwenye helmeti akilaumu risasi yake. Dawa ipo: kapasita ya kuzuia umeme mnyoofu usipite kwenye maiki, na kipande cha ukinzani cha kilo-omu mbili hivi pembeni yake ili simu iendelee kuamini kwamba maiki ipo. Hata hivyo maiki ya koili hutoa milivolti chache, na anayepigiwa simu atasikia upepo zaidi ya maneno. Kwa kazi hiyo ni nafuu kusimama pembeni ya barabara.

Linabaki suala la nguvu, na hili halina njia ya mkato. Kicheza muziki kinachotoa volti 1 kwenye hedifoni ya omu 32 kinatoa miliwati 31, zinazotosha kabisa chumbani. Volti hiyohiyo kwenye spika ya omu 8 inadai miliwati 125, yaani umeme mara nne, kutoka kwenye chipu iliyoundwa kwa ajili ya iyafoni. Chipu haiwezi. Sauti ikipandishwa inakwaruza kabla haijawa kubwa. Kwenye vicheza muziki vinavyopitisha sauti kwenye kapasita njiani kuna hasara ya pili: kapasita ya mikrofaradi 220 na omu 32 hukata besi chini ya mitetemo 23 kwa sekunde, ambako hakuna muziki wa kukosa, lakini na omu 8 mkato unapanda hadi 90. Gitaa la besi lina nyuzi nne, na tatu kati yake, zikipigwa wazi, hutoa sauti iliyo chini ya hapo. Msikilizaji wa rumba atahisi mpiga besi amebaki nyumbani.

Wapo wanaotia katikati amplifaya ndogo ya betri, ile ya kubana kwenye shati. Wapo wanaotoa spika za helmeti na kuweka za Koss KSC75, zenye omu 60, ambazo vifaa vya mfukoni huziendesha bila kuhema, ingawa hapo hedseti inakuwa si ileile tena. Kabla ya yote hayo, kisogezwe kitu kisicho na gharama: spika yenyewe. Ikiwa sentimita mbili nje ya mlango wa sikio, besi inapotea na mtu anaanza kununua vifaa asivyovihitaji.

Faida moja ya kuiruka redio ya pikipiki haitajwi sana. Anayechaji kicheza muziki kwa umeme wa pikipiki, kisha akapeleka sauti kwenye redio ya pikipiki hiyohiyo, mara nyingi husikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, kwa sababu athi zimekuwa mbili na umeme wa alterneta unazunguka kati yake. Kifaa kinachojitegemea kwa betri yake na kuingia moja kwa moja kwenye helmeti hakina mzunguko huo. Kati ya wimbo na wimbo kunakuwa kimya, ukiacha upepo.

Upepo nao si kitu cha kubezwa. Kwenye kasi ya barabara kuu kelele ndani ya helmeti hupita desibeli 90 kwa urahisi. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: kwenye 94 ni saa 1, kwenye 100 ni dakika 15. Kuupandishia upepo muziki ni kujumlisha kelele juu ya kelele. Waendeshaji wa masafa marefu huvaa vizibo vya masikio na kusikiliza spika kupitia vizibo hivyo. Upepo na muziki hupungua pamoja, wimbo unabaki na nafasi yake, na sikio linapumzika. Iyafoni za kutumbukiza sikioni, kama tunavyowaona bodaboda wengi wakizisokomeza chini ya helmeti, zina tatizo la sheria pia kwa baadhi ya nchi: kifungu 27400 cha sheria ya magari ya California kinakataza kuziba masikio yote mawili kwa hedifoni au iyafoni ukiwa unaendesha.

Mwishoni kuna suala la kushuka. Dereva akisahau kuwa amefungwa kwa waya, kitu fulani lazima kiachie. DIN huvutwa ikachomoka bila ugomvi. Plagi ya 3.5 ikivutwa kwa pembe huvunja tundu la simu, na tundu halichomelewi barabarani. Kwa hiyo waya wa kuunganishia hufanywa mfupi, plagi yake ya mfukoni huwa ya kupinda pembe mraba, na DIN huachwa nje ya koti, chini ya kidevu, ili yenyewe ndiyo itangulie kuachia. iPhone 7 ilipoondoa tundu hilo 2016, mnyororo uliongezeka kiungo kimoja. Kampuni za Cardo na Sena huuza hedseti za helmeti zisizo na waya wowote, na wengi wamehamia huko, isipokuwa wale ambao Clarion yao ya miaka ya 80 bado inaimba na hawajaona sababu ya kununua kitu kingine cha kuchaji kila usiku.